Dada Yupi?

Asubuhi ile Msusi alimvalisha mtoto viatu kwa shida, maana mtoto hakuukunja mguu wala hakuunyoosha, aliuacha tu uning'inie. Wala hakulia. Afadhali angelia. Kilio cha mtoto watu wamekizoea: unambembeleza, unamtisha, unampa biskuti, yanaisha. Huyu alikuwa kimya tangu Dada aondoke, na kimya cha mtoto wa miaka mitano, mwenzangu, kisikie kwa jirani tu.

"Tunakwenda kumfuata Dada," Msusi alimwambia.

Mtoto akainua macho. "Tunakwenda kwa Mama?"

"Kwa Dada."

"Kwa Mama," mtoto akasema, na mguu wenyewe ukaingia kiatuni.

Hapo lazima nieleze, la sivyo utachanganyikiwa kama tulivyochanganyikiwa sisi majirani. Mtoto jina lake la nyumbani lilikuwa Kichuna. Aliyemzaa ni huyuhuyu Msusi, mwenye saluni pale njia panda, mwanamke wa kuondoka nyumbani mtoto amelala na kurudi mtoto amelala. Saluni nzima ilimwita Anti. Wasichana wake wa kazi Anti, wateja Anti, hata mleta maji Anti. Kichuna naye ulimi ulipofunguka akamwita Anti. Na yule aliyembeba mgongoni, akamkogesha, akampoozea uji, akamsimulia hadithi za sungura mpaka usingizi ukamchukua, yaani dada wa kazi, huyo ndiye aliyemwita Mama.

Msusi alicheka siku ya kwanza. Tena aliwasimulia wateja. "Jamani mnamsikia mwanangu? Eti mfanyakazi ndiye mama, mimi ni anti!" Wanawake walicheka mpaka vichwa vikatoka mikononi mwa wasusi. Baba mtu naye, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye nyumbani hupita kama mgeni, alicheka kwenye simu. Kicheko kile kilikuja kumtokea puani.

Dada aliomba ruhusa aende kwao. Kuna mgonjwa, alisema, siku chache tu atarudi. Msusi alikuwa anamsuka bibi harusi, simu ameibana kwa bega, akajibu, "Nenda, ila usikae sana." Wiki ikapita, ya pili ikaingia, simu ya Dada haipatikani. Kichuna akahamia kibarazani, uso umeelekea geti. Chakula akawa anakigeuzageuza kwenye sahani hadi kinapoa. Kitanda kikaanza kulowa. Na kichwa chake, jamani, kichwa cha mtoto wa msusi! Dada alimsuka mistari kabla ya kuondoka, ikachakaa, ikavimba, ikaingia vumbi, na Msusi akinyoosha mkono tu mtoto anashika kichwa kwa mikono yote miwili na kupiga ukelele wa kuwatoa watu majumbani. Hataki kifumuliwe kilichosukwa na Mama.

Daktari alimpima akasema mwilini hana kitu. Mwalimu wa chekechea akamrudisha nyumbani. "Mama Kichuna," alisema, na hakusema kwa ukali, "huyu mtoto anakwisha. Mtafuteni huyo mtu." Msusi aliona mwenyewe. Mashavu yalikuwa yameondoka, mikono imebaki vijiti. Akafunga saluni, akampigia simu mdogo wake wa kiume, dereva wa teksi, ambaye Kichuna humwita Mjomba. Asipompata Dada, alijua, mtoto huyu ataishia mikononi mwake naye anamtazama. Ndiyo iliyokuwa safari yao, basi. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na Dada kiti cha nyuma.

Mjomba alikuwa mtu wa mizaha, aina ya mtu anayetania hata matangani. Walipoyaacha majengo ya mwisho ya mji, zile gereji na mabanda ya mbao na matairi yaliyorundikwa kando ya lami, akauliza, "Haya dada, kijiji gani?"

"Kule kwao."

"Kwao ndiyo wapi?"

"Alikuwa anasema ukiacha lami kuna daraja la mbao, halafu mashine ya kusaga. Kwao ni nyuma ya mashine."

"Na kijiji kinaitwaje?"

"Alilitaja. Lilikuwa jina refu."

Mjomba akacheka. "Makubwa! Jina refu. Haya, na mwenyewe anaitwa nani? Tukifika tuulize nani?"

Msusi akafungua mdomo. Akaufunga.

Usimcheke. Wewe wa kwako unamjua jina? Siku alipoletwa na jirani mmoja, jirani ambaye naye amekwishahama, alipokewa mlangoni kwa "karibu dada", mlango ukafungwa, na jina likabaki nje. Kwenye simu ya Msusi aliandikwa Dada Nyumbani. Wageni walimwita Dada. Fundi bomba alimwita Dada. Mjomba mwenyewe, kila akija kula, alikuwa akipaza sauti sebuleni, "Dada, chumvi!" na wanawake wawili huitika kwa pamoja, nyumba nzima ikavunjika mbavu.

"Mama anaitwa Mama," Kichuna akasema kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka.

Waliiacha lami. Vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Huku na huku mashamba ya mahindi yalikuwa yamekauka kabla hayajafika kiunoni, na watu waliokuwa wanapita kando ya njia hawakugeuka kulitazama gari. Daraja la mbao likatokea. Mjomba akapiga usukani kwa furaha. Baada ya daraja wakaiona mashine ya kusaga, na Msusi akajitengeneza kitambaa cha kichwa tayari kushuka.

Mwenye duka pembeni ya mashine aliwasikiliza akiwa ameegemea kaunta. "Dada yupi?" akauliza. "Hapa kila mtu ana dada."

"Alikuwa anafanya kazi mjini."

"Wote wanafanya kazi mjini."

Akatoka mwanamke mtu mzima aliyekuwa anasubiri unga wake, mweupe wa vumbi la mahindi hadi kwenye nyusi. Msusi akamwamkia, akaitikiwa vizuri, akaeleza tena. Mwanamke akamtazama Kichuna, kisha akamtazama yeye. "Alikaa kwako muda gani, mwanangu?"

"Tangu huyu anazaliwa."

"Na huko kwao hawakumpa jina?"

Msusi akapekua mkoba. "Ninayo picha yake," akasema haraka, akatoa simu. Picha zilikuwa tele. Kichuna anazima mishumaa, Kichuna yuko kwenye bembea, Kichuna siku ya kwanza ya shule. Akawa anasogeza kwa kidole, anasogeza, na kadiri alivyosogeza ndivyo uso ulivyombadilika. Dada alikuwamo kwenye picha zote. Ulikuwamo mkono wake, umeshika sahani ya keki. Lilikuwamo bega lake, limekatwa na ukingo. Ulikuwamo upindo wa sketi yake nyuma ya bembea, anasukuma. Uso haukuwamo hata mahali pamoja, maana kila alipopiga picha Msusi alimwambia, "Dada, sogea kidogo, unaziba."

Akamwonyesha yule mama mkono ulioshika sahani. Mama akaishika simu, akaisogeza karibu na macho, akautazama ule mkono kwa heshima zote. "Mwenye mkono huu simjui," akasema, akarudisha simu. Mjomba alianza kucheka, kisha kicheko kikamkwama akaenda kujifanya anakagua tairi.

"Mashine nyingine iko mbele," mwenye duka akasema. "Na daraja jingine. Jaribuni huko."

Kijiji cha pili habari zilikuwa zimewatangulia, sijui zilipita wapi, labda zilipanda pikipiki. Lakini zilifika zimepinda. Hazikufika kwamba kuna mwanamke anamtafuta dada yake wa kazi. Zilifika kwamba kuna mwanamke wa mjini ana gari, anatafuta dada. Basi Mjomba aliposimamisha gari karibu na mashine, wasichana walikuwa wamekwisha kusimama. Walisimama kwa mstari kivulini, wengine na mifuko yao ya nguo mkononi, wamejipaka mafuta, wamefunga vitambaa vizuri. Mama zao walikuwa nyuma yao.

"Shikamoo dada," wa kwanza akasema. "Mimi najua kupika na kufua. Mtoto pia najua."

"Hapana, mmenielewa vibaya. Namtafuta mtu."

"Ndiyo mimi hapa."

"Namtafuta mmoja. Ninayemjua."

"Utanijua tu, dada," msichana akajibu, na hakuwa anafanya mzaha. Mama yake akamsukuma mgongoni kidogo, asogee. Wa pili akasema yeye halali mapema. Wa tatu akasema yeye hana mtu, hataomba ruhusa ya kwenda kusalimia kwao. Huyo wa tatu, nasikia Msusi alimtazama sana. Usimlaumu, alikuwa amechoka, na hapo hapo mbele yake kulikuwa na msichana asiye na kwao. Akageuka kumwangalia Kichuna.

Mtoto alikuwa ameshuka garini. Alipita mbele ya mstari ule polepole, anainua uso, anamtazama kila mmoja vizuri, anapita. Wasichana walimtabasamia. Mmoja alichuchumaa akamnyooshea mikono. Kichuna alipofika mwisho alirudi kusimama mbele ya mama yake. "Hayumo," akasema.

Walipoondoka, wasichana hawakutawanyika. Mjomba aliwaona kwenye kioo, bado wamesimama palepale na mifuko yao.

Jua lilikuwa limekwisha kugeuka gari lilipochemsha. Ilikuwa kando ya vibanda vichache, mashine ya kusaga ilikuwepo lakini imekufa, mlango umefungwa kwa waya. Mjomba akafungua boneti, akaanza kulaani rejeta na ukoo wake wote. Msusi alikaa palepale mbele, ameshika tama. Alikuwa amekwisha kukata tamaa. Alikuwa anajiuliza kama mtoto anaweza kulishwa kwa mpira hospitali, na kama wanamfunga mikono akikataa.

"Gauni langu," Kichuna akasema.

Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, kidole kwenye kioo. Msusi akafuata kidole. Msichana mdogo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analitazama gari, umri kama miaka saba hivi. Alivaa gauni la njano lenye mfuko wa sungura kifuani. Gauni lile Msusi alilinunua mwenyewe kwa ajili ya Kichuna, likabana, akampa Dada: chukua, mpelekee yeyote huko kwenu. Yeyote! Pembeni lilikuwa limefumuliwa na kuongezwa kitambaa cha rangi nyingine ili lienee.

Akashuka akiwa amemshika Kichuna mkono. "Hujambo mama?" akamwambia yule mtoto. "Gauni zuri. Nani kakupa?"

"Kaniletea dada."

"Dada yako yuko mjini?"

"Karudi. Mama alikuwa anaumwa. Akafa."

"Pole, mama. Pole sana."

Mtoto akakubali pole kwa kichwa, kama mtu mzima. Alikuwa mtoto wa kuongea, na nadhani hapakuwa na wa kuongea naye siku zile. "Ila dada anasema yule hakuwa mama," akasema. "Eti alikuwa bibi. Eti mama ni yeye. Ndiye aliyenizaa, halafu akaniacha kwa bibi akaenda kazini."

Msusi akainama karibu naye. "Na wewe unasemaje?"

Mtoto akafikiri, anachimba udongo kwa kidole cha mguu. "Mimi siku zote namwita dada. Lakini jana nilimwita mama mara moja. Kujaribu."

Hapo ndipo mtu mwingine angerudi garini. Angesema, samahani mwanangu, nimepotea njia, akapanda, akafunga mlango. Na usije ukadhani Msusi hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Lakini mkononi mwake alikuwa ameshika kile kijiti cha mkono wa Kichuna, na mtoto alikuwa anavuta, anavuta kwa nguvu ambazo hakuwa nazo tangu Dada aondoke, maana naye alikuwa anasikiliza. Mama ni mama, si ndiyo? Kila mmoja na wake.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya mashine," mtoto akasema, akainuka kuwaonyesha njia.

Ilikuwa nyumba ya tofali na bati, safi, imefagiwa. Dada alikuwa nje, amelitoa godoro la marehemu juani, analipiga kwa fimbo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na amekonda, na Msusi kwa mara ya kwanza aliona kwamba hakuwa msichana. Alikuwa mwanamke, umri wake sawasawa na wa kwake.

"Mama!"

Kichuna alichomoka mkononi. Alikimbia kiatu kimoja kikabaki njiani, akakimbia na kingine, akamrukia kiunoni. Dada fimbo ilianguka. Sidhani kama aliamua chochote. Mikono yake ilijiendea yenyewe, ikamnyanyua, ikamkumbatia, na Kichuna akaingiza uso shingoni mwake akaanza kulia. Kilio kile Msusi alikuwa amekisubiri siku zote zile. Akashukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo yule wa gauni akafika, amekiokota kiatu. Akasimama nacho.

"Dada," akasema. "Kumbe una mtoto wako?"

Mikono ya Dada ikalegea. Kichuna akateremka taratibu mpaka chini, bado amemshika sketi.

"Siyo wangu. Huyu ni mtoto wa kazini."

"Mbona anakuita mama?"

"Amezoea tu."

Mtoto akamtazama Kichuna, kuanzia kichwa chenye mistari iliyovimba hadi mguu usio na kiatu. "Na mimi ulitaka nizoee tu?" akauliza.

Dada akamfuata, lakini mtoto aliweka kiatu chini vizuri, akakimbilia ndani, akafunga. Wakasikia komeo. Dada akaita, akabisha, akaita tena kwa jina la mtoto, kisha akasema neno moja taratibu akiwa ameegemeza paji la uso kwenye mbao. Mlango haukufunguka.

Msusi alisogea. Alikuwa amejiandaa njia nzima maneno ya kusema, na yote yalikuwa ya kugomba. Sasa hakuwa na hata moja. "Nisikilize," akasema. "Nimekosa, najua. Lakini mwangalie alivyo. Njoo naye. Njooni wote, wewe na mwanao, atakaa na Kichuna, shule iko karibu, chumba kipo. Hakuna mtu atakayemwacha mtu."

Dada akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Msusi. "Ataniita nani?"

"Vipi?"

"Kule kwako. Wewe unaniita Dada. Baba Kichuna ananiita Dada. Kichuna ananiita Mama, asubuhi mpaka jioni. Sasa wangu akisikia hayo yote, yeye ataniita nani?"

Msusi akautazama mlango uliofungwa. "Hata miezi miwili tu. Kichuna akishakaa sawa, utarudi."

"Anti, mimi niliambiwa hivyohivyo. Mwache akishakaa sawa utarudi. Alikuwa bado ananyonya." Akafuta mikono kwenye nguo, ingawa haikuwa na kitu. "Jana aliniita. Mara moja. Nilikuwa nasugua sufuria, nikaiacha, nikakaa chini. Sikumwambia kitu nisije nikamtisha. Nikasema kesho labda ataniita tena."

"Nakuomba," Msusi akasema, "nakuomba, ..." Akatafuta cha kumwita, akakikosa. Si Dada, hapo mbele ya mlango ule. "Jina lako nani?" akauliza.

"Haina haja tena, Anti."

Dada akachuchumaa mbele ya Kichuna. Alimfuta makamasi kwa upindo wa sketi, akamvalisha kiatu, na mguu ulijikunja na kunyooka kwa amani. Kisha akatumia sauti ambayo Msusi aliijua, maana alikuwa akiisikia kupitia ukuta siku za mapumziko: sauti ya kumaliza uji, sauti ya kupiga mswaki.

"Kichuna, sikiliza. Mimi siyo mama. Mama yako yule pale. Nenda ukamwite."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Mtoto mzuri hufanya nini?"

"Husikia," Kichuna akanong'ona.

"Haya."

Mtoto akaja. Alitembea hatua fupifupi kwenye ule uwanja uliofagiwa, akasimama mbele ya Msusi, mikono pembeni. "Mama," akasema. Akageuka kumtazama Dada kama amesema vizuri. Dada akamwitikia kwa kichwa. Akarudia kwa sauti zaidi. "Mama."

Msusi alikuwa ameanguka magotini. Neno hilo alilitamani, tuseme ukweli, tangu siku ile alipolichekea saluni. Nyakati nyingine alikuwa akifunga saluni, akikaa peke yake kwenye kiti cha wateja, akajaribu kulisikia. Sasa alikuwa amelipata na lilikuwa salamu tu, ile ya mtoto anayesukumwa mbele ya mgeni akaambiwa amkia. Akamkumbatia hata hivyo. Mtoto hakumsukuma. Hakumshika pia.

Nyuma yao komeo lilivutwa. Mlango ukafunguka nafasi ya mkono, na gauni la njano likatupwa nje. "Gauni lenu hilo," sauti ya mtoto ikasema. "Na dada yenu mchukueni." Mlango ukafungwa kabla Dada hajaufikia.

Akakaa chini pale kizingitini. Akaanza kuongea na ubao, taratibu, maneno ambayo hayakuwahusu wao, na hakugeuka tena. Msusi akamuaga, hakujibiwa. Gauni lilikuwa limelala vumbini katikati ya njia, wakalizunguka. Hakuna aliyeliokota.

Gari lilikuwa limepoa. Kichuna alipanda mwenyewe, akakaa vizuri, akakubali kufungwa mkanda. Alikunywa maji. Alikula nusu ya ndizi aliyopewa na Mjomba, ikamshangaza Msusi hata akaogopa kumwangalia asije akaacha.

"Nimemsikia," Mjomba akanong'ona walipoanza kuondoka. Macho yalikuwa yamemlowa, yeye mtu wa mizaha. "Amekuita mama, dada. Mara mbili. Si unaona? Imekwisha."

Moyoni Msusi, Mungu amsamehe, alianza kidogo kuamini. Watoto husahau. Wiki moja, mbili. Angemwachia saluni msichana wake mkubwa, angekaa nyumbani, angejifunza zile hadithi za sungura. Kijiji cha wasichana kilipita, kivulini palikuwa patupu. Wakavuka daraja.

"Mama," Kichuna akaita.

"Abee, mwanangu! Abee!" Msusi akageuka haraka hadi mkanda ukamkaba.

Mtoto alikuwa amejinasua, amepiga magoti kwenye kiti, anatazama nyuma kupitia kioo chenye vumbi. "Nimekwita vizuri?"

"Umeniita vizuri sana."

"Mara tatu na hii."

"Ndiyo, mama."

"Sasa Mama anakuja?"

Mjomba akaondoa mguu kwenye mafuta. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likawa linatambaa kwenye mashimo. "Dada," akasema, hata hakumtazama Msusi. "Nigeuze?"

"Endesha."

"Mama," Kichuna akasema, akielekea kule nyuma. Akasubiri kidogo. "Mama." Akawa anaita hivyo bila kulia, kwa adabu, anaacha nafasi ya kuitikiwa, kisha anaita tena, mpaka wakaiona lami. Msusi aliitika mara za kwanza. Baadaye akaacha, maana hakuwa yeye aliyekuwa anaitwa.